Wifi Aliyeomba Kusemwa

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alishikwa na baridi katikati ya joto. Nikisema joto, mtu wa kwetu ananielewa. Ni ule wakati kabla ya mvua, mabonde ya mpunga kule Makwale yamepasuka nyufa, na huku kwetu ziwani mbwa wanajichimbia kwenye mchanga kutafuta ubichi. Yeye alikuwa chini ya mablanketi, meno yanagongana. Walimpakia kwenye bodaboda wakampeleka hospitali. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima damu na mkojo, hakuna. Wakampa vidonge, akarudi navyo, na baridi akarudi nayo.

Mkwe wake, mke wa mwanawe, ndiye aliyekuja kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

“Mwaghonile, mama.”

“Mwaghonile, mwanangu. Ingia ndani, mbona umesimama kama mgambo?”

“Siingii, mama. Nimetumwa. Mama mkwe anasema uje umseme.”

“Nimseme nini?”

“Anasema unajua.”

Nilikuwa nachambua usipa, dagaa wa ziwa letu, natoa mchanga. Nikaendelea kuchambua. Yule binti akanitazama mikono, akasema, “Basi, mimi nimefikisha,” akaenda zake. Nilikuwa najua, ndiyo. Nilijua tangu mwanangu mdogo alipokuwa hajadondoka kitovu, na leo mwanangu huyo ana mvi kidevuni.

Sisi wa upande huu wa ziwa, ambako milima inashuka mpaka miguu yake inaingia majini, hatuna mashamba ya maana. Wenzetu wa Ipinda wana mpunga, wana kokoa, wana migomba ya kuficha nyumba. Sisi tuna samaki na tuna udongo. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga. Mimi shule nilikaa kidogo tu, nikajua kusoma Biblia na kuandika hivi unavyoona, lakini kufinyanga nilianza kabla ya kujua kuoga mwenyewe. Siku hizi watu wananunua ndoo za plastiki, wanapikia sufuria, halafu wanakuja kunisifia chungu changu wakakiweke sebuleni wakipandie maua. Haya, kipandiwe maua. Zamani chungu kilikuwa chakula. Hatukuuza kwa hela. Ulikipeleka bondeni, mwenye mpunga anakijaza mpunga mpaka mdomoni. Mpunga unabeba wewe, chungu kinabaki kwake. Kwa hiyo mwanamke akifinyanga chungu kikubwa, macho yake yanaona tumbo la chungu na humohumo yanaona matumbo ya watoto wake.

Vyungu vilisafirishwa kwa mtumbwi, vimepangwa kwenye nyasi, vidogo ndani ya vikubwa. Na kila mwanamke aliyepanda mtumbwi ule alijua sheria moja: mwera ukiamka, yaani ule upepo wa kutoka kusini, vyungu vinatangulia majini. Unatupa, hulii, hutazami nyuma. Utafinyanga vingine.

Siku ile walikwenda wawili, wifi yangu na mdogo wangu wa tumbo moja. Mdogo wangu alikuwa hajaolewa, alikuwa amekuja kunisaidia uzazi, akaona anakaa bure akasema amsindikize wifi. Mimi nilikuwa ndani na mtoto mchanga. Mchana mwera ukaamka, watu wakaanza kukimbilia ufukweni. Nikatoka. Mzazi hatakiwi kutoka, lakini nilitoka na mtoto kifuani, nikasimama kwenye mchanga.

Mawimbi yalikuwa meupe mpaka mbali. Nikaona kitu cheusi kinapanda na kushuka. Kilipokaribia ni chungu, kile kikubwa cha kupikia pombe za sherehe, kinaelea mdomo juu, na mtu amekikumbatia. Chungu kizima kitupu kinaelea, watu wengi hawajui. Nikatazama ni nani. Alikuwa wifi.

Wanaume walimvuta. Hakungoja hata kutapika maji. Alinitazama mimi, katika watu wote wale, akasema, “Aliniambia nitupe. Sikutupa.”

Wanawake wakapiga mayowe. Na mimi nikamwambia, “Pole, wifi.”

Neno hilo ndilo lililomkaa mwilini maisha yake yote. Si upepo.

Mdogo wangu hakuonekana. Ziwa letu hili lina kina, na likitaka kukaa na mtu linakaa naye. Tulizika nguo zake, kanga mbili na gauni la kanisani. Baba alitaka tungoje, mama akasema tusingoje. Waliozika nguo wananielewa: unarudi nyumbani, na bado unatega sikio kila mlango unapolia.

Msiba ulipokwisha, wifi alikuja na kile chungu. Alikibeba kichwani kutoka kwake mpaka kwangu, akakishusha mbele yangu.

“Wifi, nimekuletea.”

Kwetu mtu akikuletea kitu cha namna hiyo una njia mbili. Unakipokea ukakitumia, watu wakajua yameisha. Au unakivunja miguuni pake, unapiga kelele, unamtukana ukoo mzima, halafu yanaisha vilevile, tena yanaisha vizuri zaidi. Mimi nikasema, “Haya, kiweke hapo.” Akakiweka chini ya mchirizi wa paa. Kikakaa hapo.

Kilikaa kikijaa mvua na kukauka. Na saa ya mchana, jua limesimama, watu wote wamelala kwa joto, upepo kidogo wa ziwani ulikuwa unapita juu ya mdomo wake, na kinalia. Mmm, mmm. Sauti ya mtu anayeimba amefumba mdomo. Mdogo wangu alikuwa akisugua chungu kwa jiwe anaimba hivyohivyo, hafungui mdomo, mama alikuwa anamgombeza eti ananung’unika kama nyuki. Nilijua ni upepo. Mimi si mjinga. Lakini nilikuwa naacha kazi naketi kusikiliza, na mtu akipita njiani nikawa namchukia kwa kukanyaga majani.

Baadaye mbuzi wa jirani alikiangusha kikavunjika. Nikafagia vigae nikavitupa. Kesho yake mchana, jua limesimama, mmm, mmm. Mahali palepale, chini ya mchirizi, na hapakuwa na kitu. Sikumwambia mtu. Mume wangu aliniuliza mbona siku hizi silali mchana, nikamwambia nzi.

Wifi naye alikuwa na yake. Alikwenda kwa wazee wa kanisa akaomba atengwe. Kwetu kutengwa ni kuondolewa kwenye Meza ya Bwana mpaka utubu mbele ya watu. Wazee wakacheka.

“Mama, sisi tunatenga wazinzi na walevi. Wewe tukutenge kwa kosa gani? La upepo?”

“La chungu,” akasema.

“Chungu hakimo kwenye katiba ya kanisa.”

Basi akajitenga mwenyewe. Jumapili ya Meza ya Bwana, mkate na kikombe vikija upande wake, anatikisa kichwa, anampisha jirani. Wachungaji walikuja wakaondoka, kila mmoja anamkuta hivyo. Mmoja wao akaona atatue. Akatuita mbele Ijumaa Kuu, baada ya mahubiri marefu, akaniuliza mbele ya kanisa zima, “Umemsamehe dada yako?” Nikasema nimemsamehe. Tukashikana mikono, kwaya ikaimba, wanawake wakapiga vigelegele. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Tukatoka nje, akaniambia kwa sauti ya chini, “Wifi, bado hujasema kitu.”

“Si nimesema nimekusamehe?”

“Umesema kama unavyomjibu karani.”

Nikamwona mkorofi. Amesamehewa mbele ya watu, anataka nini tena?

Lazima nieleze hapa, maana vijana wetu waliokulia mijini hawalijui hili. Wazee wetu hawakumwogopa mtu anayepiga kelele. Walimwogopa anayenyamaza. Waliamini hasira iliyofungwa kifuani inatoka yenyewe kwenye pumzi, haikuombi ruhusa, inakwenda kumkuta uliyemkasirikia inamtia ubaridi. Ndiyo maana ndugu wakikosana waliitwa wakakalishwa, na yule aliyekosewa anaambiwa, sema. Sema yote. Hata ya aibu, hata ya kijinga. Usiache hata punje. Akimaliza anapewa maji, anayaweka mdomoni, anayapuliza chini. Hapo basi. Ukipuliza maji huku umebakiza neno, ni bure, afadhali usingepuliza.

Sasa mimi nilikuwa Mkristo wa adabu. Niliona kusema ni ushenzi. Nilijivunia ule ukimya wangu, watu walikuwa wananisifu: mwone yule mama, ana moyo.

Baada ya kumrudisha vile yule mkwe wa wifi, alikuja mchungaji. Huyu wa sasa ni kijana, ana pikipiki yake, suruali ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Nilimpa kiti na mbalaga, akala ndizi zile kwa adabu ya mtu aliyeshiba kwingine.

“Mama,” akasema, “yule mgonjwa nimempelekea Meza ya Bwana nyumbani, amekataa. Anasema mpaka wewe uende. Naogopa atakufa hivihivi.”

“Si nilimsamehe Ijumaa Kuu, baba mchungaji? Kanisa lote ni shahidi.”

“Nimeambiwa. Nilimwambia mwenyewe kwamba Yesu amekwisha lipa, hakuna deni lililobaki. Unajua alinijibu nini?”

“Atakuwa amejibu vibaya. Namjua.”

“Alisema, ‘Kwa Mungu sina wasiwasi, baba. Mungu tumeshaelewana. Ni huyu wa jirani ndiye hajalipwa.’”

Nikacheka, na mchungaji akacheka, halafu wote tukaacha. Ilikuwa mchana. Jua limesimama. Chini ya mchirizi kukaanza kulia, mmm, mmm. Nilimtazama mchungaji kama anasikia. Alikuwa anapangusa mikono.

“Unasikia?” nikamwuliza.

“Nasikia nini, mama?”

Ndipo nikaogopa. Kwa yule mgonjwa sikuwa na hofu. Niliogopa kwamba nikienda kusema kweli, mpaka punje ya mwisho, sauti ile itakatika. Maana nilikuwa nimekwisha elewa, ingawa sikutaka, kilichokuwa kinaifuga. Ilikuwa inakula hasira yangu. Na mimi nilikuwa naipa kila siku, kwa mkono wangu, kama mtu anavyomlisha kuku.

Nilikaa na wazo hilo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye kiti. Kisha nikajifunga kanga, nikamwambia mchungaji, “Twende. Lakini usinikatize nikianza.”

Nyumba ya wifi iko karibu, unafuata tu mchanga. Tulimkuta amelazwa uani, jua linampiga, mablanketi juu yake. Alikuwa amepungua, uso umekuwa kama wa mtoto. Mkwe wake akaleta mkeka, akaleta na kikombe cha maji bila kuambiwa. Kumbe binti yule anajua.

“Umekuja,” wifi akasema.

“Nimekuja.”

“Haya. Mimi nimelala, siwezi kukimbia.”

Sikujua pa kuanzia. Mtu aliyefunga mdomo miaka yote hiyo, ukimwambia fungua, vinatoka vitu vidogovidogo kwanza. Nikamwambia aliwahi kuazima jiwe langu la kusugulia, jiwe zuri la bibi yangu, akanirudishia jingine.

“Lilikuwa lilelile!” akasema.

“Halikuwa. La bibi lilikuwa na mstari mweupe.”

“Mstari ulifutika kwa kusugua. Endelea.”

Nikamwambia alipika ugali mbichi kwenye msiba wa mama yangu. Nikamwambia aliwahi kumsimulia kaka yake kwamba mimi ni mvivu wa kuchota maji, na kaka yake akaja kunigombeza. Mkwe akaficha mdomo kwa kanga, anacheka. Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha nikafika kwenye chungu.

Nikasema. “Ulijua sheria. Kila mtu alikuwa anaijua. Ulishikilia tumbo la udongo ukamwacha mtoto wa mama yangu. Udongo tunao mlima mzima. Yeye alikuwa mmoja. Ulimtazama akikuambia tupa, ukamwona mtoto, hajui kitu, na wewe ndiye uliyekuwa mkubwa mtumbwini. Chungu ulichokataa kukitupa ndicho kilichokuleta. Ukaja umekikumbatia mbele yangu, mbele ya macho yangu!” Nilikuwa nimesimama sasa, sijui nilisimama saa ngapi. Nilimwita majina. Siyaandiki hapa, wajukuu wanasoma. Niliutukana ukoo wao wote, na ndani yake yumo mume wangu na watoto wangu. Watu wa nyumba za jirani walitoka wakasimama kwenye uzio.

Mkwe akainua kikombe anipe.

“Bado,” wifi akasema.

“Nimemaliza.”

“Hujamaliza, wifi. Usipulize.”

“Nimekwambia yote!”

“Lile la ufukweni. Siku ile. Kabla hujaniambia pole.”

Sikuwahi kulisema hili kwa mtu, hata kwenye maombi nilikuwa nalizunguka kama unavyozunguka shimo. Nikasema, na sauti ilikuwa ndogo, wale wa kwenye uzio hawakusikia. “Nilipoona kitu cheusi kinakuja, niliomba awe yeye. Kilipokaribia nikakuona ni wewe. Nikasema moyoni, kwa nini wewe. Nikasema, rudi. Rudi majini, umlete yeye.”

Wifi akafumba macho. “Nililiona,” akasema. “Nilikuwa bado mbali, maji yananipiga usoni, lakini nililiona usoni kwako. Nikafika, ukanipa pole. Tangu siku ile sijui nilifika au sikufika.”

Mchungaji alikuwa analia, maskini, kijana wa watu. Nikachukua kikombe. Nikayaweka maji mdomoni, nikayashika kidogo, nikayapuliza chini kwenye mchanga kati yetu. Yakanyweka saa ileile, kwa joto lile. Wifi akasema, “Ndaga fijo,” ahsante sana, na akatoa mkono nje ya blanketi.

Sitaki kudanganya kwamba alisimama akaruka. Alitetemeka mpaka jioni. Mchungaji alikuwa na vyombo vyake kwenye mkoba, akamwuliza, akakubali. Akala mkate na kunywa kile kikombe cha baba zetu wa imani kwa mara ya kwanza tangu ujana, akalalamika kwamba divai ni chachu. Baada ya siku chache akaomba usipa wa kukaanga. Baada ya hapo akaanza kutembea kwa fimbo.

Na kwangu kukawa kimya. Mchana wa kwanza niliketi chini ya mchirizi nikangoja. Jua likasimama, upepo ukapita, majani yakacheza. Hakuna kitu. Nikangoja tena kesho yake, na keshokutwa. Nikaingia ndani nikalia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, mpaka jirani akabisha kuuliza nani amekufa. Ningemjibu nini?

Wachungaji wanahubiri kwamba ukisamehe unatua mzigo. Ni kweli, unatua. Hawasemi kwamba mikono inabaki imekunjwa vilevile, haina cha kushika.

Wifi anakuja siku hizi karibu kila mchana. Sikumwita. Anakuja na fimbo yake kwa kufuata mchanga, anaketi, anapumua, ananiambia udongo wangu una mawe. Mwanzoni nilikuwa nasubiri aondoke. Halafu siku moja, bila kuulizwa, akasema, “Mdogo wako siku ile alikuwa amebeba mihogo ya kuchoma. Tulikula tukiwa tumeshapita ile miamba.”

Nikaacha kufinyanga. Miaka yote ile sikuwahi kumwuliza. Ningemwulizaje? Mtu uliyempa pole huwezi kumwuliza.

“Alisema nini?” nikamwuliza.

“Alisema mihogo yako haina chumvi.”

Basi ndivyo tunavyokwenda. Kila akija ananipa kidogo. Walivyopishana na mtumbwi wa wavuvi na mdogo wangu akawatania. Alivyotaka kujua wifi aliolewaje, kama aliogopa. Alivyotia mguu majini akasema maji ya moto leo. Kuna siku namkatalia, namwambia hilo umelitunga, na anakasirika, tunagombana mpaka mkwe wake anaitwa. Kuna siku tunacheka. Juzi alifika mahali mdogo wangu alipofungua kanga kiunoni akajifunga kichwani kwa ajili ya jua, akageuka akatazama upande wa kusini, akasema, “Dada, mbona kule maji yamekuwa meusi?”

Nikamshika wifi mkono. “Basi,” nikamwambia. “Leo ishie hapo.”

Hakubisha. Tuliketi hivyo, mikono yetu ina udongo, mpaka jua lilipoondoka ukutani.